Baba na Mlima wa Unga

Kitabu changu cha kwanza hakikuwa na jalada. Kurasa nne za mwanzo zilikuwa zimeng'oka, na ile ya tano ilikuwa na doa la mafuta juu ya uso wa mtu, kwa hiyo hadithi ilianza na mwanamume asiye na uso akipanda mlima mweupe. Ilikuwa bande dessinée, bédé kama tunavyosema Lubumbashi, kitabu cha picha chenye maneno ndani ya viputo. Baba alikileta nyumbani kwetu Kampemba ndani ya mkoba wake wa nyundo na koleo. Alikuwa ametoka kutengeneza lango kwa familia moja iliyokuwa inahama mji. Walikuwa wanatupa vitu vingi, akasema, na hiki kilikuwa juu ya rundo.

Nilikuwa na miaka sita. Wenzangu wanaoandika kumbukumbu za utotoni hupenda kusema kwamba kitabu cha kwanza kiliwafungulia dunia. Huwa nawasoma huku nimenuna. Changu mimi kilinifungia mlango wa baba yangu, na nitaeleza ilivyokuwa bila kujitetea, maana kichwani mwangu nimejitetea miaka mingi na sijashinda kesi hata mara moja.

Baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Alitengeneza malango, madirisha na vitanda chini ya paa la bati mbele ya nyumba yetu, na umeme ukikatika alikaa juu ya ndoo akiusubiri kama mtu anayesubiri mgeni asiye na adabu. Watu wa kwao ni wa kaskazini ya Katanga. Babu yake alishuka na kazi ya reli, akaifanya mpaka ikammaliza, na uzao wake ukabaki mjini. Baba alifiwa na wazazi mapema, akalelewa na mjomba aliyemtia kwenye karakana badala ya shule. Haya yote niliyajua baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba baba ana sauti nene na mikono yenye makovu madogo ya cheche, na kwamba kila Jumapili baada ya misa alikaa kwenye benchi nyuma ya jiko na kuniita.

"Mutoto, kuya hapa. Tusome."

Basi tulisoma. Aliweka kidole chake kinene juu ya picha ya kwanza na kunieleza wanachosema watu wa humo. Ule mlima mweupe, alisema, ulikuwa unga uliomwagika kutoka kwenye lori.

"Kamyo ilianguka. Angalia, bunga yote imemwangika. Sasa bantu banapanda kulokota."

"Yote hii ni bunga, papa?"

"Yote. Bukari ya muji muzima."

Nilimwamini bila shida. Mwaka ule unga wa mahindi wa kupikia bukari, ugali wetu, ulikuwa adimu, na mama alikuwa akikung'uta mfuko mpaka vumbi la mwisho. Mlima mzima wa unga, watu wakiukanyaga kwa viatu vikubwa, ulinitia uchungu na tamaa. Mtu asiye na uso alikuwa nonko, mjomba, mchoyo aliyetaka kubeba yote peke yake. Mbwa mkubwa mwenye manyoya alikuwa askari wa kizuizi cha barabarani cha Kasomeno, anayenusa kila mzigo kabla haujapita. Baba alimpa mbwa sauti ya puani, ya Kifaransa cha ofisini, na mimi nilicheka mpaka nikashikwa na kwikwi.

Hadithi haikuwa ile ile kila Jumapili. Wiki moja nonko alimwomba mbwa msamaha, wiki nyingine alimpiga teke. Nililalamika. Nilisema wiki iliyopita haikuwa hivyo.

"Bantu ya mu kitabu banachokaka kusema kintu kimoja," alijibu. "Leo banasema ingine."

Na hilo pia nililiamini. Nilidhani vitabu vyote viko hivyo, kwamba maneno yanabadilika usiku wakati vimefungwa, na kwamba baba ana kipaji cha kuyakuta yalipofika.

Kisha nikaanza kusoma shuleni. Mwalimu wetu wa mwaka wa pili, mwanamke mkali mwenye mkono mwepesi, alitubandikia ukutani picha ya nyumba iliyofunikwa na kitu cheupe, na chini yake neno: neige. Alitueleza theluji ni nini. Sikuelewa vizuri, ila nilielewa kwamba nimekutana na mlima wetu. Nilirudi nyumbani mbio.

"Papa, ile haiko bunga. Ni neige."

Baba aliiangalia picha kwenye bédé, akaniangalia mimi.

"Nani alisema?"

"Madamu wa masomo."

"Na banaikulaka?"

"Hapana, papa. Haikuliwake. Ni maji ya baridi."

"Basi hiki kitabu ni cha njala," alisema, akacheka kwa nguvu kiasi kwamba mama alitoa kichwa jikoni.

Sijui kama kuna kitu nimewahi kukipenda kuliko kicheko kile. Tangu siku hiyo nilikitafuta. Nilianza kusoma viputo herufi moja moja, na kila nilipokuta neno lisilolingana na masimulizi yake nilimkatiza: "Papa, haikuandikwa vile." Naye alipiga makofi na kuinuka kwenye benchi, akanipisha kwa heshima kama ananipa kiti cha mkubwa. "Aya, madamu, tufundishe." Ukawa mchezo wetu. Yeye anasimulia, mimi namkamata, yeye anacheka. Nilikuwa na miaka minane na niliamini kwamba kumsahihisha baba ndiko kumpenda.

Mama hakucheka. Siku moja alinivuta pembeni, nyuma ya pipa la maji, akaniambia kwa sauti ndogo, "Acha papa yako apumuzike na ile mambo ya kitabu." Nilimwona ana wivu. Mtoto wa miaka minane anaweza kuwa mpumbavu na mwenye kiburi kwa wakati mmoja.

Sasa lazima niseme juu ya jumuiya. Kwetu Wakatoliki wa mtaa mmoja hukutana mara moja kwa wiki katika nyumba ya mmoja wao, alasiri. Wanasali, wanasoma Injili ya juma, wanazungumza, wanapatanisha waliogombana. Kiongozi ndiye anayesoma. Baba alikuwa amechaguliwa kuwa kiongozi kwa sababu alikuwa mtu wa haki, ambaye hata wake waliopigwa na waume zao walimjia kwenye karakana katikati ya kazi, naye alizima mashine na kuwasikiliza. Watu walimwita Tata Mukubwa, yaani mzee mkubwa. Aliingia kwenye jumuiya akiwa na shati jeupe lililopigwa pasi, kucha zimesuguliwa kwa mchanga, na kitabu cha Injili chini ya kwapa. Mtu aliyenyimwa shule akiwa mtoto alikuwa amesimama mbele ya walimu, makarani na wafanyabiashara wa Kikasai wenye diploma, na wote walinyamaza kumsikiliza. Hakuwa na kitu kingine cha thamani kuliko hicho. Nyumba ilikuwa ya kupanga na mashine ilikuwa ya mkopo.

Namna yake ya kuandaa masomo niliiona kila juma, na sikujua kuwa ni siri. Mama alichambua maharagwe au alikoroga bukari, kitabu kikiwa wazi juu ya gunia la makaa, akasoma sentensi. Baba alirudia. Mama akasoma nyingine, baba akaziunganisha. Siku nne, siku tano, mpaka somo lote limeingia, pamoja na pumzi na vituo. Kisha mama aliweka utepe wa kitambaa cha liputa, kitenge cha kwetu, kwenye ukurasa ili baba akifungua afungue mahali panapofaa. Mimi nilidhani ndivyo watu wazima wote wanavyosoma, mmoja anatangulia na mwingine anamfuata, kama kwenye litania. Hakuna aliyeniambia vinginevyo, na mimi ambaye niliuliza kila kitu sikuuliza hilo.

Juma lile mama alifiwa na dada yake, akaenda Kasenga kwenye msiba. Kabla hajapanda gari alikuwa amekwisha kumfundisha baba somo, habari ya mpanzi na mbegu zake, na utepe ulikuwa mahali pake. Mchana wa siku ya jumuiya, baba akiwa anaoga, nilichukua kitabu kile mezani. Nilitaka kuona kama naweza kusoma Kiswahili cha kanisani jinsi ninavyosoma viputo. Nilifungua huku na huku, nikajifunga utepe kichwani, nikajihubiria mbele ya kioo. Niliposikia mlango nikaurudisha utepe ndani ya kitabu. Niliuweka popote.

Tulikutana kwa jirani mwenye sebule kubwa. Siku hiyo alikuja katekista kutoka parokia kututembelea, mtu mpole, mwembamba, na baba alimkalisha kwenye kiti kizuri. Mimi nilijibana kando ya baba kwenye mkeka. Waliimba. Baba akasimama, akafungua kitabu kwenye utepe, akaanza. Alisoma vizuri ajabu. Sauti yake ilishuka penye miiba na kupanda penye udongo mzuri, na mama mmoja aliitikia kwa kichwa. Mimi nilinyanyuka kidogo nione maneno hayo yalivyoandikwa. Nilifuata kwa kidole. Ukurasa ule ulikuwa na wavuvi na nyavu.

Nilifurahi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba nilifurahi. Niliona mchezo wetu umetoka nyuma ya jiko na kuja mbele ya watu, na mimi nina sehemu yangu.

"Papa," nikasema kwa sauti, "haikuandikwa vile."

Watu walicheka kidogo, kwa upole, kama wanavyocheka mtoto akiropoka kanisani. Baba pia alijaribu kucheka. Katekista, kwa nia njema tu, aliinuka akatazama kitabu, akasema, "Ah, tata, ulifungua mbali kidogo. Si kitu." Akapindua kurasa, akampa tena, akaweka kidole. "Somo ya leo iko hapa. Tuanze tena pale pa mbegu kuanguka mu miiba."

Katikati ya somo. Baba aliweza kuanza mwanzoni na kwenda mpaka mwisho, lakini hakuweza kuingia katikati mahali palipoonyeshwa na kidole cha mtu mwingine. Alikiangalia kitabu. Nilimwona akikiangalia, na jasho likatokea juu ya mdomo wake.

Kisha akapata njia. Alijipapasa macho, akasema, "Munisamehe. Ni moto ya sudire. Leo macho inaniuma sana, sioni."

Kila mtu alijua moto wa kuchomelea unavyoharibu macho. Walianza kusema pole. Katekista alikuwa tayari kumpokea kitabu, na mambo yangeishia hapo, na baba angerudi nyumbani akiwa yule yule. Mimi nikamwonea huruma. Nilifikiri watu wanamwona mgonjwa, na nilitaka kumsaidia.

"Macho yake haina kintu," nikawaambia. "Ni mama njo anamusomeaka. Na mama eko Kasenga."

Hakuna aliyecheka. Mama mwenye nyumba akasema kwa haraka tuimbe, na tukaimba, wimbo mrefu wenye beti nyingi. Baba aliimba wote akiwa amesimama. Tulirudi nyumbani tukiwa tumeshikana mikono, na mkono wake ulikuwa umenishika vile vile kama siku zote, wala haukunibana.

Kama wangemcheka, labda angepigana. Wao walimheshimu zaidi. Walimsalimia kwa sauti kubwa kuliko zamani, wakamletea kazi ndogo ndogo, wakazungumza naye polepole. Katekista alirudi siku ya tatu na wazo zuri: kijana mmoja aliyesoma asome Injili, na baba abaki kiongozi. Baba akakubali. Wiki mbili alikwenda, akakaa na mikono juu ya magoti huku kijana akisoma. Wiki ya tatu, saa ya jumuiya ilipofika, aliwasha mashine yake na kuchomelea dirisha ambalo mteja hakuwa na haraka nalo. Mtaa mzima ulisikia. Tangu hapo hakuna aliyekuja tena karakanani na ugomvi wa nyumbani kwake.

Mama aliporudi kutoka Kasenga alikuwa amekwisha kuambiwa kabla hajafika mlangoni. Alisimama na kapu lake la samaki wakavu kichwani.

"Ulisema vile? Mbele ya bantu bote?"

Nilisema ndiyo. Alikaa chini na kapu likiwa bado kichwani, na hakunipiga. Nilitaka anipige. Nilikuwa nimeanza kuelewa, na nilitaka mtu mzima anionyeshe ukubwa wa kosa langu kwa namna ninayoweza kuilia ikaisha.

Jumapili nilichukua bédé nikaenda kwenye benchi. Baba alikuwa hapo, anakunywa chai.

"Papa, tusome."

"Soma weye," alisema. "Weye njo unajua."

Hakusema kwa hasira. Nilisubiri hasira wiki nyingi, na haikuja. Alikunywa chai yake, akaniuliza kama nimekula, akaenda zake.

Basi nilisoma peke yangu, kutoka mtu asiye na uso mpaka ukurasa wa mwisho, nikimuuliza mwalimu maneno magumu. Ilinichukua mwezi. Ilikuwa hadithi ya ndugu wawili wanaotafuta mbuzi aliyepotea kwenye theluji. Wanampata. Wanarudi nyumbani, wanakula supu. Hakuna mchoyo wala kizuizi, na mbwa habweki hata mara moja. Nilipoelewa kila neno niliona ni kitabu cha hovyo, kilichoandikwa na mtu aliyechoka. Nililia, kisha nikakiazimisha kwa msichana mmoja wa darasani, na alipohama sikumdai.

Baba alinisomesha. Hilo ni lazima liandikwe. Alichomelea malango ya nusu ya Kampemba ili nimalize sekondari na chuo cha ualimu, na leo nafundisha Kifaransa watoto wa mwaka wa pili, umri ule ule. Lakini tangu siku ile hakushika karatasi mbele yangu. Nikileta ripoti ya shule alisema, "Onyesha mama yako." Nilipopata diploma nilijipa moyo, nikamfuata karakanani.

"Papa, ile siku ku jumuiya..."

"Siku gani?" aliuliza, akajivika kinyago cha kuchomelea, na mimi nikabaki nazungumza na chuma.

Alikufa mwaka jana, hospitalini, siku nane baada ya upasuaji wa tumbo. Mama alikuwa ametangulia miaka mitatu. Nilikuwa nampelekea chakula mchana, nikitoka kufundisha. Siku moja kabla ya upasuaji nilimkuta amekaa kitandani, na muuguzi alikuwa ameacha karatasi ya kutia sahihi, ya Kifaransa, kurasa mbili, pamoja na kalamu. Nilikaa karibu naye na kunyoosha mkono.

"Papa, nikusomee?"

Aliikunja karatasi vizuri kwenye mikunjo yake. Kisha akamgeukia mzee wa kitanda cha pili, dereva mstaafu wa magari ya mizigo ambaye walikuwa wamefahamiana siku tatu tu, akamwambia, "Mukubwa, unisaidie. Banasema nini humu?"

Mzee alivaa miwani. Alisoma kwa shida, akikwama, akitafsiri kwa Kiswahili anavyoweza. Aliruka mistari miwili ambayo hakuielewa. Neno moja alilisoma vibaya, halikuwa na madhara, na mimi, ambaye hiyo ndiyo kazi yangu ya kila siku, nilifunga mdomo na kushika sufuria ya bukari magotini. Baba alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza kwa makini, kidole chake kikifuata juu ya shuka. Yule mzee alipomaliza, baba alitia sahihi aliyofundishwa na mama, akaiweka kalamu kando.

"Aksanti, tata," alimwambia. "Weye unasomaka muzuri."